Jumamosi Uliyozima Simu

Awuor nyara, binti yangu,

Unadhani kesho huendi. Unaenda. Nguo ulizozirudisha kabatini nimezitoa tena na kuzikunja upya, maana wewe kukunja nguo hujawahi kujua tangu uzaliwe, na begi liko mlangoni. Sasa tulia usome. Usianze kunijibu kabla sijamaliza, kwa sababu hiyo nayo ni tabia yako.

Jana uliniambia umewaandikia wenye boti wa Mwanza, wanaotaka uwajengee mfumo kama wetu, wakungoje mpaka masika yaishe. Ulisema huwezi kuuacha mfumo wetu wa kuwaitia wagonjwa boti katika majira haya ya upepo. Ukianguka nawe uko ng'ambo ya mpaka, ni nani atakayeuinua? Niliinuka nikaenda kusonga ugali, nawe ukadhani nimekubali. Sikuwa nimekubali hata kidogo. Nilikuwa na hasira, na hasira nyingine ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, kwa sababu kuna jambo nimekuficha tangu Jumamosi. Nitalifikia. Niache kwanza nizunguke kidogo, unanijua mimi nikianza kusema.

Mambo ya sweta na dawa za malaria na usile samaki wa barabarani, hayo shangazi zako wa Kosele watakuambia kwenye simu mpaka uchoke. Mimi nina moja tu la aina hiyo. Huko Tanzania husemi "nipe chai". Unasema "naomba chai". Ukisema "nipe" kama tunavyosema hapa Migori, watadhani umekuja kuwapiga. Basi, maagizo yameisha.

Nataka kuanza na ule mfumo wa kwanza, ule wangu, kabla mkono wako haujaugusa. Wewe ulikuwa chuoni. Mimi nilikuwa na saiba yangu hapa mjini, duka la kompyuta na intaneti, nachapia watu barua za kuomba kazi. Wakati huo Mercy alikuwa akija kutoka kisiwa cha Remba kununua vitu vya duka lake, na akimaliza kuzunguka anakaa kwangu kuchaji simu. Yeye ndiye aliyenieleza mgonjwa wa kisiwani anavyotafuta boti. Ndugu zake wanakimbia ufuoni banda kwa banda, wanauliza ni nani ana injini nzima na ni nani ana petroli. Wakati mwingine wanamkuta mtu, wakati mwingine wanakuta wote wako ziwani wakivua omena, wale dagaa. Nikamwambia, ala, kwani simu hizi mnazochaji kwangu ni za muziki tu?

Nikajifunza kuandika programu hapo hapo dukani, mteja akiingia naacha, akitoka naendelea. Mgonjwa anatuma meseji, mfumo unatafuta boti iliyo karibu, mwenye boti anapata meseji, akikubali anaenda. Ilipofanya kazi mara ya kwanza nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya saiba, na jirani yangu wa duka la viatu akaja mbio kuuliza nani ameolewa. Nilijivunia kile kitu, haki ya Mungu.

Lakini programu ya mtu inafanana na malezi yake. Mimi nililelewa kwa "vumilia" na "funika kombe mwanaharamu apite". Basi kila mahali ambapo programu ingeweza kuanguka, niliiandikia hivi: ukipata kosa, limeze, nyamaza, endelea. Nilidhani huo ndio uhodari. Na vitu vyote niliviweka pamoja, orodha moja ya boti zote na wagonjwa wote, kila kazi inachovya mkono humo humo. Meseji nazo zilipanga mstari mmoja, ya nyuma inangoja ya mbele.

Siku ile ya upepo unaijua kwa kusimuliwa. Sijawahi kukuandikia. Ilikuwa mchana kweupe, jua linawaka huku Migori, na huko Remba ziwa limechafuka. Meseji zikaanza kumiminika. Moja ikaja imeharibika, sijui simu gani iliituma, maandishi yake hayasomeki. Programu yangu ikajaribu kuisoma, ikashindwa, ikameza kosa kama nilivyoifundisha, ikajaribu tena, ikashindwa, ikanyamaza, ikajaribu tena. Zote za nyuma zikasimama hapo. Na kwenye skrini yangu taa ya kijani inawaka, kila kitu kizuri. Nilikuwa nakunywa chai, Awuor. Nilikuwa nakula mandazi na taa ya kijani inawaka.

Katika meseji zile za nyuma kulikuwa na ya Mercy. Mimba yake ilikuwa imefika, na uchungu ulikuwa umemshika. Alituma mara moja akakaa chini kungoja, kwa sababu aliniamini. Angekuwa hana mfumo wangu, ndugu zake wangekimbia banda kwa banda kama zamani. Na Okech, mwenye boti unayemjua, alikuwa ufuo ule ule, upande wa pili wa mabanda, injini nzima, petroli tele, simu mfukoni iko kimya. Alikuwa akishona wavu. Mpaka wifi yake Mercy alipochoka kungoja akatoka akipiga nduru, ndipo Okech akatupa wavu na kukimbia. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika bara, ndani ya boti, mvua inawapiga, na wanawake wawili wakishika turubai juu ya mama. Wote walifika wazima. Okech alinipigia baadaye, akaniita Mama Awuor kwa lugha yetu, akasema maneno machache tu: "Min Awuor, hiyo kitu yako imetunyamazia."

Nikazima mfumo siku hiyo hiyo. Nikafunga saiba. Sikumwambia mtu yeyote. Wewe nikakuambia tunabadilisha mitambo, na kila ulipopiga simu nikasema ni nzuri, ni nzuri, tunaendelea. Asubuhi navaa, natoka, nakaa ndani ya duka lililofungwa, jioni narudi. Unaona nilivyokuwa? Nilikuwa nafanya kama programu yangu, taa ya kijani nje na ndani mstari umesimama.

Ukaja likizo na kunikuta hapo gizani, mlango umerudishwa, kompyuta zimefunikwa mashuka. Nilitaka kukudanganya tena, lakini wewe ulikuwa umeshavua viatu na kukaa sakafuni karibu nami, na mtu aliyevua viatu haondoki upesi. Nikasema yote. Nilitarajia unihurumie. Hukunihurumia. Ulisema, "Mama, kuanguka si tatizo. Ilianguka ikanyamaza, hilo ndilo tatizo."

Kisha ukaanza kunieleza kuhusu Elixir, lugha uliyokuwa umeipata huko chuoni. Kwamba humo unaandika kazi ndogo ndogo nyingi sana, kila meseji inapewa mchakato wake. Kwamba mchakato mmoja hauwezi kuingiza mkono kwa mwenzake, unatuma ujumbe tu na kungoja jibu. Kwamba kitu ulichokwisha kukiumba hakibadilishwi, ukitaka tofauti unaumba kingine na cha kwanza kinabaki kilivyokuwa. Na kwamba mchakato ukikutana na jambo usiloliweza, unauacha ufe.

Hapo nikakukatiza. Programu inayoruhusiwa kufa! Nilikuambia hiyo ni akili ya watu ambao hawajawahi kungojewa na mgonjwa. Ulikasirika ukavaa viatu. Wiki nzima tukawa tunasemeshana kwa "chakula kiko mezani" na "asante".

Kilichonifungua akili ni Kosele. Tulienda kumlimia shangazi yako lile shamba alilokodishwa na ndugu zangu, unakumbuka, na jembe langu likagonga mawe yaliyopangwa duara, pale boma la nyanya yangu lilipokuwa. Shangazi akasema hayo ni mawe ya dero, ghala la mahindi. Nikaangalia vizuri nikaona na duara la pili, na la tatu, kila moja mbali na mwenzake. Nikakumbuka yote. Babu yangu alikuwa na wake watatu. Mikayi, yule wa kwanza, alikuwa na nyumba yake, jiko lake na dero lake. Nyanya yangu alikuwa nyachira, wa pili, naye na vyake. Reru, wa tatu, hivyo hivyo. Mke haingizi mkono katika dero la mke mwenziwe, hiyo ni vita. Akihitaji kitu anamtuma mtoto na maneno: nenda mwambie mikayi naomba chumvi. Mwaka ambao dumuzi waliingia dero la mikayi wakalimaliza, la nyanya halikuguswa, na boma zima lilikula humo. Na mtu akifa usiku au mwizi akiingia, yule aliye karibu hasemi moyoni avumilie mpaka asubuhi. Anapiga nduru, na boma zima linaamka.

Nikabaki nimesimama na jembe. Nikakuita. Nikakuambia, hii lugha yako ni boma la nyanya yangu. Wewe ukacheka mpaka ukakaa kwenye matuta, kisha ukaacha kucheka, ukaanza kunichorea kwa kijiti kwenye udongo. Kila meseji nyumba yake. Kila kundi la nyumba lina msimamizi, ambaye hafanyi kazi nyingine ila kusikiliza nduru. Mchakato ukifa, nduru inamfikia, anainua mwingine safi mahali pake, kuanzia pale ambapo mambo yalikuwa sawa. Msimamizi mdogo akizidiwa naye anapiga nduru kwa mkubwa wake, na mkubwa anaanzisha upya kundi zima. Makundi mengine hata hayajui. Shangazi yako alitutazama tunavyobishana juu ya michoro ya udongo akasema afadhali angekodi vibarua.

Basi tukaandika. Nakiri nilikusumbua. Ile habari ya kutobadilisha kitu ilikuwa kwangu kama kusonga ugali kwa mkono wa kushoto. Na kila usipoangalia nilikuwa narudisha vimistari vyangu vya kumeza makosa, hapa kimoja, pale kimoja, kwa woga tu. Wewe unavikuta, unavifuta, unaniita kwa jina langu la ubatizo kama mwalimu mkuu. Siku moja uliniambia, mama, kama huamini kwamba utainuliwa, huwezi kukubali kuanguka. Ulikuwa unazungumzia programu, najua. Mimi nilienda chooni nikalia.

Tulipoupeleka Remba, sikutaka kushuka kwenye boti. Niliona aibu. Mercy ndiye aliyekuja majini kunishika mkono, mtoto mgongoni, akanipeleka mpaka mbele ya wenye boti kama mgeni wa heshima. Wewe ukawakusanya ukafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Ukamwambia Okech atume meseji mbovu, mbovu kabisa, apige vidole ovyo. Na wengine watume za kawaida wakati huo huo. Ya Okech ikaua mchakato wake mbele ya macho yetu, mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini, na simu za wenzake zikalia zote. Kila mtu ufuoni anasikia simu yake. Kisha mstari mwingine, mchakato mpya umeinuka. Okech akaomba kuua mwingine. Akaua na mwingine. Wakapokezana simu wazee wazima wakijaribu kuliangusha boma lako, wakashindwa, na kila wakishindwa wanashangilia. Sijawahi kufurahi hivyo maishani, hata siku ya arusi yangu, na baba yako, Mungu amlaze pema, asingekasirika kusikia hivyo.

Kwa hiyo nikikuambia jambo moja la maisha, Awuor, ni hili, na halina mahubiri ndani yake. Mimi miaka yangu iliyopotea haikupotea kwa kuanguka. Ilipotea kwa kukaa nimenyooka ndani ya duka lililofungwa. Huko Mwanza utakosea. Utaandika kitu mbele ya watu kikatae. Utampenda mtu asiyefaa, na usinikunjie uso, inatokea. Piga simu siku hiyo hiyo. Sihitaji uje na maelezo yaliyopangwa, njoo na nduru yenyewe.

Sasa Jumamosi.

Ulikuwa Kosele na shangazi zako, kanisani kuagwa, simu umeizima kama mnavyofanya Sabato. Mimi Mkatoliki wa Jumapili nilibaki nyumbani nachagua maharagwe, kompyuta iko wazi mezani. Baada ya chakula cha mchana upepo ukabadilika. Niliujua kwa mabati ya jirani. Meseji zikaanza kuja, kwanza za fuo za Nyatike, kisha Remba, kisha zote pamoja. Na katikati yake ikaja moja imeharibika. Sikutunga, Awuor. Kama ile ya kwanza, maandishi yasiyosomeka.

Mchakato wake ukafa. Mstari mwekundu. Mikono yangu ikatoka kwenye sinia la maharagwe ikaenda kwenye kompyuta yenyewe, na nikajiona nataka kufungua, nirekebishe, nishike. Nikaikalia. Nakuambia nilikalia mikono yangu kama mtoto wa shule. Msimamizi akainua mchakato mwingine kabla sijamaliza kuikalia vizuri, na meseji za wengine zilikuwa zimeshapita, boti zimeshakubali.

Haikuishia hapo. Mtandao wa Remba ukaanza kuyumba, unakuja unapotea, na michakato ya huko ikaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Msimamizi wa Remba akainua, akainua, akazidiwa. Akapiga nduru juu. Nikaona kundi zima la Remba limeanguka. Kisha msimamizi mkubwa akalisimamisha lote upya, mtandao ukarudi, na meseji zilizokuwa zikingoja zikatoka. Wakati huo wote fuo za Nyatike hazikujua kitu, zinaendelea kuitana boti kama kawaida. Mzee mmoja wa Remba aliyekuwa amebanwa na kifua akafikishwa bara na Okech, akiwa anaongea. Nilimsikia mwenyewe kwenye simu akilalamika kwamba amelowa.

Na unajua Okech alinipigia kwa ajili gani? Kuuliza kama umeshaondoka, kwa sababu mke wake amekuwekea omena wa kubeba. Nikamwuliza kama meseji zilimfikia sawasawa leo. Akasema, "Kwani kulikuwa na nini?"

Niliporudi kwenye kiti nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Tumeshinda, nyara. Kile kitu tulichokichora kwenye matuta ya Kosele kimeanguka kikainuka bila mkono wako wala wangu.

Jioni ukaingia, ukawasha simu, ukaniuliza, mama, kuna kitu kilitokea leo? Nikasema hakuna. Ukauliza tena, kwa sababu ulisikia upepo. Nikasema hakuna, kula.

Nilijua ukijua, utaondoka na roho nyeupe. Kwa hiyo nililimeza. Na nilipokusikia jana ukisema huendi, kwa sababu mfumo hauwezi kusimama bila wewe, nikawa na jibu mkononi na nikaenda kusonga ugali. Mama yako, mwenye mfumo usiomeza makosa, alikuwa amemeza habari njema kuliko zote ili mtoto wake asiende. Nilikuonyesha taa ya kijani, Awuor, na nyuma yake ujumbe wako umekaa tangu Jumamosi.

Ndio huu, nimeutoa. Kompyuta iko wazi mezani. Kabla hujatoka, tazama mwenyewe mistari ya siku ile, myekundu yote na iliyofuata. Utaona kila mchakato ulivyokufa na ulivyoinuka. Utafute na mahali ambapo binadamu aligusa chochote. Hutapapata.

Nitakukosa mpaka nitaumwa, usidhani naandika haya kwa mkono mkavu. Lakini wachimbaji wa dhahabu wa Macalder walinijia wiki iliyopita wakitaka mfumo kama huu, wa kuita msaada shimo likiporomoka, na nimewaambia nitauandika mimi. Mimi mwenyewe, vile ulivyonifundisha. Usinitumie maoni yako kabla sijakuomba.

Na leo, ulipokuwa sokoni, nilipiga simu Mwanza. Nilimpata yule mama kiongozi wa wenye boti wao. Niliongea Kiswahili cha "naomba" mpaka ulimi ukaniuma. Nikamwambia barua ya jana waitupe, binti yangu anafika kesho. Akafurahi, halafu akauliza kwa upole kama huko kwetu kuna mtu wa kubaki na mfumo, maana walisikia hiyo ndiyo sababu ya wewe kutaka kuchelewa.

Nikamwambia, "Yupo. Mimi mama yake. Na hata mimi nikilala, mfumo ukianguka unainuka wenyewe."

Min Awuor